Babu Hana Kiburi

Tunasema babu ana kiburi, ukimwita haitiki. Mara nyingi hasikii, na anaona haya kukuuliza mara ya tatu umesema nini. Basi barazani haendi tena, anakaa peke yake chumbani, na hapo ndipo ninapoumia.

Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji huduma kwa kupoteza usikivu. Kipimo cha usikivu hakiumi: unavaa vipokea sauti, ukisikia mlio, hata hafifu, unabonyeza kitufe. Pengine ni nta ya masikio tu, ikitolewa anasikia siku hiyohiyo. Vifaa vya kusikia ni ghali, sikatai. Lakini wataalamu wanahusisha upotevu wa usikivu usiotibiwa na maradhi ya kusahau uzeeni. Mpelekeni akapimwe wiki hii, na mmoja wenu akae naye mpaka zamu yake ifike.