Mmea Tunaouua kwa Huruma

Wiki hii nauzungumzia ule mmea wa shina nene kama chupa na maua mekundu, unaouzwa kando ya barabara zetu kwa jina la waridi la jangwani. Waridi si waridi. Jina lake la kitaalamu, Adenium, limetokana na Aden, bandari ya Yemeni, lakini humea wenyewe pia katika nyika za Tanzania na Kenya.

Wengi huununua, wakaumwagilia asubuhi na jioni, na haupiti muda shina likalainika na kuoza. Halafu hulaumiwa muuzaji. Shina lile ni ghala la maji! Upe chungu chenye matundu, udongo uliochanganywa na mchanga mwingi wa mto, na jua la kutosha. Usimwagilie mpaka udongo ukauke. Majira ya baridi punguza zaidi.

Chunga utomvu wake. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huutengenezea sumu ya mishale. Ukikata tawi, nawa mikono, na watoto wasiuguse.

La mwisho, tusinunue mimea iliyong'olewa nyikani. Shina kubwa limekua kwa miaka mingi, na pengo lake halizibiki upesi. Mbegu mpya huota kwa wiki moja hivi, na mche wa mbegu hunenepa shina vizuri kuliko wa kipande cha tawi. Kabla ya kutoa fedha, mwulize muuzaji: huu umeuotesha au umeung'oa?