Waanakisti ni Watu Gani?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Katika mkutano uliopita mwenzetu mmoja alisema kwamba wanaotaka katibu wa tawi asikubali cheo cha serikali ni "waanakisti", yaani watu wa fujo. Wengi wakacheka. Mimi nilikwenda nikatafuta habari za watu hao, na leo nimepewa ruhusa niwaeleze.

Jina hilo latoka katika Kiyunani, na maana yake ni kukaa bila mtawala. Bila mtawala, si bila utaratibu. Sisi tuliosoma misheni tulifundishwa kwamba pasipo mkubwa watu watararuana kama fisi. Lakini Mrusi mmoja, Kropotkin, katika kitabu chake cha mwaka 1892 alitoa mfano ambao mtu wa reli ataufahamu upesi. Tazameni reli za Ulaya, alisema: mzigo wapita nchi nyingi, mikononi mwa makampuni mengi, wala hakuna mfalme wa reli. Wanapatana kwa barua na mikutano, basi. Nanyi madereva mwajua: kwenye njia moja hutoki stesheni bila kupewa ruhusa ya njia. Ni kweli anayekupa ni mtu, lakini naye amefungwa na kanuni ile ile. Tena wazee wetu waliona mwaka 1977, Reli za Afrika Mashariki zilipovunjika. Waliogombana hawakuwa madereva wala mafundi wa karakana. Zilikuwa serikali tatu.

Sasa niwapeleke Hispania, maana huko mafundisho hayo yaliingia katika chama cha wafanya kazi hasa. Chama hicho kiliitwa CNT, kilianzishwa Barcelona mwaka 1910. Mwaka 1919 kiligoma katika kampuni ya umeme ya mji huo siku 44, taa zikazima, tramu zikasimama. Mgomo ulianza kwa makarani wachache waliofukuzwa kazi. Ulipokwisha, serikali ikatoa amri ya kazi ya saa nane kwa siku.

Julai 1936 majemadari waliasi. Tarehe 19 wafanya kazi wa Barcelona, pamoja na askari walioitii serikali, wakawashinda. Matajiri wengi walikimbia. Watu wa tramu walitengeneza njia zilizoharibika, na baada ya siku chache magari yakatembea tena, yamepakwa rangi nyekundu na nyeusi za chama. Tofauti ya mishahara ya mkubwa na mdogo ikapunguzwa. Reli zilishikwa na wanachama wa CNT pamoja na wale wa UGT, chama kingine, nao walikuwa wapinzani miaka mingi! Simu vile vile.

Basi tatizo lilikuwa wapi? Bunduki na fedha zilikuwa mikononi mwa serikali. Ujerumani na Italia waliwapelekea majemadari ndege na askari. Uingereza na Ufaransa walisema hawaingilii, wakafunga mlango wa silaha. Urusi iliuza silaha, na serikali ya Hispania ilipeleka huko dhahabu kiasi cha tani 510. Mfanya kazi asiyetaka serikali yo yote alijikuta katikati ya serikali hizi zote, na kila risasi ilipitia kwao. Hii ndiyo siasa ya dunia, na mimi sioni kama imebadilika sana.

Kwa hiyo Novemba 1936 viongozi wanne wa CNT walikubali kuwa mawaziri. García Oliver alikuwa mtumishi wa mezani, Peiró fundi wa vioo. Hawakuwa wezi, wala hawakununuliwa. Walidhani watakilinda chama wakiwa ndani. Tarehe 3 Mei 1937 polisi walikwenda kuinyakua nyumba ya simu kutoka kwa wafanya kazi. Vita vikawaka mjini siku kadhaa, watu mamia wakafa. García Oliver na mwenzake, Bi Federica Montseny, walisema katika redio kuwaomba wanachama wao waweke silaha chini. Fikirini, ndugu: sauti ya kiongozi wako mwenyewe, lakini sasa yatoka upande wa pili wa meza.

Majemadari waliingia Barcelona tarehe 26 Januari 1939. Kuna wanaosema hata bila mawaziri wale wangeshindwa, na mimi siwezi kuwapinga. Wala mimi si mwanakisti. Nadhani nchi yahitaji serikali, japo ya kutengeneza barabara. Lakini swali lao nalichukua: aliye juu yetu, ni nani awezaye kumshusha? Katibu akilipwa na sisi, twaweza. Akilipwa na serikali, atakapokuja kutuambia turudi kazini tutajuaje anasema kwa niaba ya nani?

Simsemi kwa ubaya. Ni mtu mwema, alilala nasi getini siku za mgomo. Naunga mkono hoja kwamba achague moja, cheo kile au kazi hii. Kura itapigwa Jumapili ijayo saa nne asubuhi, na atakayetaka kusema kinyume changu ampe karani wa tawi jina lake kabla ya Ijumaa.