Nduaro Aliyeng'atwa na Papa

Usiku wa Jumamosi, Juni 17, 2023, umati ulijazana gatini Morehead City, North Carolina, Marekani. Ilikuwa siku ya mwisho ya shindano la uvuvi la Big Rock. Boti ya Sensation iliingia na nduaro mwenye ratili 619.4, yaani kama kilo 281, aliyewatoa jasho wavuvi kwa zaidi ya saa sita.

Mizani ilisema wameshinda. Mwili wa samaki ukasema vingine: palikuwa na nyama iliyonyofolewa na papa.

Waamuzi hawakukurupuka. Waliahirisha uamuzi, wakashauriana na wataalamu wa viumbe wa baharini, na Jumapili wakatangaza kwamba samaki yule hahesabiki. Kanuni za IGFA, chama cha kimataifa cha uvuvi wa mshipi, zinamkataa samaki aliyejeruhiwa na papa au panga boi kabla ya kupakiwa botini, kwa sababu jeraha humpunguzia nguvu za kupambana.

Zawadi ya takriban dola milioni 3.5 ikawaponyoka hivyo hivyo. Inauma, tena sana, kwani papa hakutumwa na mtu. Hata hivyo, kanuni iliandikwa kabla ya boti yoyote kung'oa nanga, na kuipindisha kungewadhulumu wavuvi wa boti ya Sushi, waliokuwa wamemleta nduaro mzima wa ratili 484.5 mapema wiki hiyo. Wao ndio waliotangazwa washindi, wakapata dola milioni 2.77. Sensation walikata rufaa, ikatupwa.