GARI LIKILIA, DEREVA ASIKIE

(Hotuba ya dereva mmoja wa lori mbele ya mkutano wa madereva na mataniboi wa tawi)



Nimeombwa niseme machache juu ya sauti za gari. Mimi si fundi wa chuo. Mimi ni dereva, na haya nimeyapata barabarani. Wengine wetu husema, "Kusikiliza gari ni kazi ya fundi." Sivyo, ndugu zangu. Fundi yuko gereji, na wewe uko njiani usiku na mzigo nyuma yako. Gari likianza kulia, wa kwanza kusikia ni wewe. Na likianguka, wa kwanza kuumia ni wewe.

Nitawaambia jambo lililonipata mwenyewe. Kwa siku mbili nilikuwa nasikia ko-ko-ko upande wa kushoto, nyuma. Nilimwambia msimamizi kwa mdomo. Akanijibu, "Peleka mzigo kwanza." Nikaondoka Mombasa. Tulipopita Voi sauti ikazidi. Nikipunguza mwendo, nayo yapungua: ko... ko... ko. Nikiongeza, nayo yaongezeka. Nikatoka barabarani nikasimama. Taniboi akaweka mawe kwenye magurudumu, tukatazama kwa tochi. Bolti mbili za gurudumu zilikuwa zimekatika, na nati tatu zimelegea. Kama tungaliendelea, gurudumu lingalitoka na kuwaua watu waliolala katika basi linalokuja.

Tulingoja fundi mpaka asubuhi. Nilipofika Nairobi sikupewa asante. Nilipewa barua ya onyo kwa kuchelewesha mzigo, na msimamizi akasema hakuambiwa kitu. Mimi sikuwa na karatasi hata moja. Hapo nilijifunza mambo mawili: kusikiliza, na kuandika.

Kwanza kusikiliza. Ukisikia sauti ngeni, zima redio, fungua dirisha, umwambie taniboi anyamaze. Kisha jiulize: sauti hii yafuata injini, au yafuata magurudumu? Simama mahali pa tambarare, vuta breki ya mkono, tia gia huru, kanyaga mafuta kidogo. Sauti ikiwapo, tafuta kwenye injini. Ikiwa haipo, tafuta kwenye magurudumu, breki, propela au gia. Lakini msijaribu kutia gia huru gari likiwa linateremka. Wanaoujua mteremko wa Salgaa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, wanajua kwa nini nasema hivyo.

Sasa sikilizeni sauti zenyewe.

Kilio chembamba asubuhi unapowasha injini, hasa baada ya mvua, mara nyingi ni mkanda uliolegea au uliochakaa. Zima injini, uutazame. Ukiwa na nyufa, ubadilishwe. Ukikatika, huenda maji yasizunguke tena, na injini ichemke.

Kilio chembamba kutoka kwenye gurudumu huenda ni padi za breki zinazokwisha. Padi nyingi zina kibati kidogo kilichowekwa makusudi ili kilie kabla hazijaisha kabisa. Ukipuuza kilio hicho, utasikia mkwaruzo wa chuma juu ya chuma unapokanyaga breki. Hapo usiendelee na safari. Lakini kutu kidogo iliyoingia usiku kwa unyevu hulia mara mbili tatu asubuhi, kisha hunyamaza. Hiyo isikutishe.

Mvumo unaokua kadiri mwendo unavyokua huenda ni beringi ya gurudumu. Ukikata kona ya kulia, uzito huenda kushoto. Mvumo ukizidi hapo, shuku beringi ya kushoto. Ukisimama, sogeza mkono karibu na kati ya gurudumu bila kuligusa. Likiwa na joto kuliko wenzake, umepata mgonjwa wako. Mvumo usiobadilika kwenye kona huenda ni tairi iliyolika vibaya.

Mgongo wa "ko!" mmoja unapoachia klachi au kubadili gia, tazama viungo vya propela. Zima injini, weka mawe kwenye magurudumu, kisha uizungushe propela kwa mkono huku na huku. Kiungo kikicheza, kimekwisha.

Injini ikigonga ti-ti-ti, zima, ngoja kidogo, vuta kijiti cha kupimia oili. Ikiwa imepungua, ongeza. Lakini ikigonga kwa sauti nzito, na kuzidi unapokanyaga mafuta, zima na uite fundi. Ukisema "nitafika tu," utafika bila injini.

Na wenye breki za upepo: mkisikia "sss" gari limesimama, tazameni geji. Ikiwa yashuka, gari lisiondoke. Hakuna mzigo unaostahili safari hiyo.

Nati za gurudumu zikilegea na bolti zote ni nzima, zikaze kwa kukabiliana, moja juu, ya pili chini, kisha uzikague tena baada ya mwendo mfupi. Bolti zikiwa zimekatika, usizibahatishe.

Sasa kuandika. Kila sauti iandikeni: tarehe, namba ya gari, kilomita, sauti ni ya namna gani, na nani mliyemwambia. Andikeni nakala mbili. Msimamizi atie sahihi, na moja ibaki kwenu. Akikataa kutia sahihi, mpelekeeni ujumbe wa simu siku hiyo hiyo, na msiufute.

Msiogope. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake juu ya hatari kubwa. Yasema pia kwamba tajiri hawezi kumlazimisha kurudi penye hatari hiyo kabla haijaondolewa, na kwamba mwenye sababu ya haki ya kuondoka hapo asifukuzwe wala kuadhibiwa. Lakini sheria haimsaidii mtu asiye na ushahidi. Na polisi wakikamata gari bovu barabarani, dereva naye hushitakiwa. Hawatauliza msimamizi alisema nini kwa mdomo.

Mwenye karatasi akionewa, ailete kwa katibu wa tawi. Barua yangu ya onyo ninayo mpaka leo. Naiweka ndani ya gari, karibu na daftari langu, ili nisisahau kuandika.

Ndugu zangu, tuna watoto wanaotungoja, na wale walio ndani ya basi linalokuja wana watoto wao. Gari likilia, tusikie.