Soma Kwanza, Kisha Utie Sahihi

Leo tusome habari za mkataba wa kazi.

Mwaka 2004 Tanzania Bara ilipata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, mahali pa sheria za zamani. Kampuni ya ng'ambo ikija kuajiri watu hapa, haiji na sheria ya kwao. Hufuata hiyo hiyo. Tajiri akupe maandishi yenye kazi yako, saa zako na mshahara wako. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma. Usipoyaelewa maandishi, ni wajibu wake kukueleza. Mkishtakiana naye hana maandishi, mzigo wa kuthibitisha ni wake.

Basi usitie dole gumba kwa haraka. Soma, uliza, ndipo utie sahihi.