Nyanya Ameandikishwa?

Leo nasema na wewe unayebisha hodi nyumba kwa nyumba: mhudumu wa afya ya jamii, mzee wa kijiji, mama wa chama.

Vilima vyetu vya Nyamache na Bobasi nzima vimejaa chai na migomba, ndiyo maana mgeni haamini kuna njaa hapa. Lakini wewe unaijua nyumba isiyotoa moshi jioni. Wenyewe hawatakuambia, aibu huwafunga mdomo. Basi usianze na njaa. Keti, salimia, uliza habari za shamba, kisha uliza kama nyanya ana kitambulisho. Bila hicho, hapati pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa shilingi 2,000 kwa mwezi. Zimetengewa wazee wa miaka 70 na zaidi, nyumba zinazolea mayatima, na wenye ulemavu mkubwa. Usajili unapofunguliwa, kuandikishwa ni bure. Anayedai chochote ni mwizi, hata akiwa jirani.

Penye mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, toa utepe upime mzunguko wa mkono wa juu. Mzunguko huo usipofika sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali. Mfikishe hospitalini siku hiyo hiyo, usingoje baraza.

Wala msiombe msaada huu kama fadhila. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa.

Kesho ukitoka, tafadhali, anza na nyanya anayeishi peke yake.