Amana na Ibada: Dhamiri ya Mpiga Kura wa Banalia Mbele ya Mgombea wa Dini Nyingine

Dhamiri ya dini, kwa maana itakayotumika katika mhadhara huu, ni sauti ya ndani ambayo muumini huisikia ikimdai hesabu mbele ya Mungu kwa tendo alilolitenda kwa hiari yake. Haifanani na kupenda au kuchukia, wala haifanani na mazoea ya kuketi benchi moja na watu mliobatizwa pamoja au kusimama safu moja na watu mnaoswali pamoja. Tofauti hiyo yafaa iwekwe wazi mapema, kwa kuwa katika teritwari ya Banalia, yaani sehemu ya utawala ya jimbo la Tshopo iliyo kaskazini ya Kisangani kwenye njia ya Buta, kauli ya kwamba dhamiri inamkataza mtu kumpigia kura mgombea wa dini nyingine husikika kwa wepesi, na mara nyingi kinachokataza, kikichunguzwa, ni undugu wa dini uliovaa nguo za dhamiri. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kura ni amana, yaani kitu kinachokabidhiwa mtu akitunze kwa niaba ya wengine, na kwamba dhamiri iliyofunzwa vema humwuliza mgombea atakifanyia nini kile anachokabidhiwa kabla ya kumwuliza anasali wapi.

Hata hivyo, hofu ya watu wa Banalia haina budi kusikilizwa kwa heshima, maana ina mizizi. Ilikuwa hapo, kando ya mto Aruwimi, ambapo tarehe 19 Julai 1888 Meja Barttelot, mkuu wa kikosi cha nyuma cha msafara wa mpelelezi Stanley, alipigwa risasi katika kambi iliyojaa wapagazi na watu wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amefanywa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa mapatano na mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Uislamu na Kingwana, jina ambalo Kiswahili cha sehemu hizi kimeitwa kwa muda mrefu, viliingia katika nchi hii kwa njia ile ile iliyopitisha pembe za ndovu na watu waliotekwa. Vita vya 1892 hadi 1894 vilipouvunja utawala wa Waarabu na Waungwana, yaani Waafrika waliofuata dini na desturi za pwani, Ukristo nao ulikuja chini ya kivuli cha dola iliyoshinda: misheni ya Mtakatifu Gabrieli ilianzishwa na Padre Gabriel Grison karibu na Kisangani mwaka 1897, wakati Leopold akiwa bado mwenye nchi na kijiji kikidaiwa mpira kwa mjeledi. Hakuna upande, basi, uliofika Aruwimi ukiwa mikono mitupu. Mzee anayesema kwamba mtu wa dini ile akipewa kiti atakitumia kuwalipizia wengine anasema jambo ambalo babu zake waliliona kwa macho, na kosa lake, kama lipo, ni kuihamishia karne ya 19 katika chumba cha kura cha leo.

Sheria ya nchi haina utata katika jambo hili. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inaitaja Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuwa dola isiyofungamana na dini, inakataza ubaguzi wa kidini, na katika ibara ya 22 inalinda uhuru wa fikra, wa dhamiri na wa dini. Lakini sheria humwambia raia anachoruhusiwa, na dhamiri inauliza kinachompasa. Kwa hiyo jibu halina budi kutafutwa ndani ya dini zenyewe.

Kwa upande wa Uislamu, wanaokataza hutegemea aya zinazowaonya waumini wasiwafanye watu wa dini nyingine kuwa *awliyaa*. Neno hilo ni wingi wa *walii*, na lina maana ya mlinzi, mshirika wa vita au mtu ambaye mtu hujiweka chini ya ulinzi wake, na wafasiri wengi wameziunganisha aya hizo na nyakati za uadui na mapatano ya kivita. Ni vigumu kuliona neno hilo katika kazi ya mjumbe wa bunge la jimbo, anayekaa muhula wenye kikomo, anayetunga sheria pamoja na wenzake na anayeweza kuondolewa kwa kura zile zile zilizomweka. Al-Mawardi, mwanasheria wa Baghdad aliyefariki mwaka 1058, alikwisha kuona kwamba madaraka hayana uzito mmoja: aliutofautisha uwaziri wa kukabidhiwa mamlaka yote na uwaziri wa kutekeleza tu yaliyoamuliwa, akaukubali huu wa pili kwa mtu asiye Mwislamu. Hakuandika juu ya uchaguzi, na haifai kumtia maneno kinywani. Hata hivyo njia yake ya kufikiri, ya kuanza na kazi yenyewe na kuuliza inampa mtu nguvu gani juu ya wengine, inamfaa mpiga kura wa Banalia kuliko fatwa nyingi zinazopitishwa kwa simu. Isitoshe, Waislamu wa kwanza walioteswa Makka walivuka bahari wakaenda Uhabeshi kwa mfalme Mkristo, Najashi, kwa sababu walijulishwa kwamba kwake mtu hadhulumiwi.

Kwa upande wa Ukristo, wahubiri wa makanisa ya uamsho hupenda kuitaja amri ya Kumbukumbu la Torati inayowataka Waisraeli wajiwekee mfalme kutoka miongoni mwa ndugu zao. Amri hiyo ilitolewa kwa taifa lililokuwa na agano moja, taifa la namna ambayo Kongo haijawahi kuwa. Mfano ulio karibu zaidi na hali ya Tshopo umo katika kitabu cha Kutoka, pale Musa anapolemewa na mashauri ya watu na anapopewa ushauri wa kuchagua viongozi wenye uwezo, wamchao Mungu, waaminifu, na wanaochukia rushwa. Na mwenye kuutoa ushauri huo ni Yethro, mkwe wake, kuhani wa Midiani, mtu wa madhabahu nyingine. Ni ajabu njema kwamba kipimo kikongwe cha uongozi katika Biblia kimetoka katika kinywa cha mtu wa nje, na haieleweki kwa nini sura hiyo husomwa mara chache sana kampeni zinapopamba moto. Wakatoliki wanalo pia tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la tarehe 7 Desemba 1965 juu ya uhuru wa dini, pamoja na mafundisho ya maadili yanayotofautisha kushiriki dhambi ya mtu kwa kuitaka dhambi hiyo na kumsaidia mtu kwa sababu nyingine iliyo nzito. Anayempigia kura Mwislamu kwa sababu atatengeneza barabara haungami imani ya mgombea huyo, kama vile anayepanda pikipiki ya mwenye imani nyingine asivyobatizwa naye njiani.

Kuna jambo ambalo husahauliwa mno, nalo ni kwamba mzigo huu haujagawanywa sawa. Katika chaguzi za rais za 2006, 2011, 2018 na 2023, wagombea walioongoza wote walikuwa Wakristo, kwa hiyo Mwislamu wa Banalia aliyetaka kura yake iwe na uzito amekuwa akimpa mtu wa dini nyingine kila mara, bila mtu kumsifu na bila mtu kumwuliza dhamiri yake imelalaje usiku huo. Mkristo jirani yake hukutana na swali hilo kwa nadra, pengine anapotokea mgombea wa ubunge mwenye kofia na kanzu, na hapo ndipo ghafla anapolitaja neno dhamiri. Dhamiri inayoamka siku ambayo walio wengi wanaombwa kufanya kile ambacho walio wachache hukifanya siku zote inastahili kutiliwa shaka na mwenyewe kwanza.

Dhamiri ya namna hiyo yaonekana kwa karibu kabisa mbele ya mashine ya kupigia kura ya tarehe 30 Desemba 2018, siku iliyokuwa Jumapili. Mpiga kura anasimama mbele ya kioo, zinatokea picha ndogo, kila moja na namba, jina na chama. Anagusa uso wa mtu, mashine inachapa karatasi, anaikunja na kuitumbukiza ndani ya sanduku. Hakuna mahali palipoandikwa dini. Lakini macho yanaisoma katika tai, katika kofia iliyodariziwa, katika msalaba wa shingoni, katika jina Saidi au Yoani, na kidole kinasita juu ya picha kwa sababu ya kitambaa.

Mfano wa watu waliolazimishwa kulikabili swali hili umo katika nchi jirani. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959 ulioitwa kura tatu, serikali ya kikoloni iliamuru kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake iharibike. Januari 1958, mkutanoni Tabora, wengi katika TANU, chama kilichodai uhuru, waliona sharti hilo ni tusi, na Zuberi Mtemvu akajitenga kuanzisha chama chake. Lakini Nyerere, kiongozi wa TANU, aliwashawishi wenzake washiriki, na Waafrika wakawapa kura watu kama Derek Bryceson, Mzungu, na Sophia Mustafa, Mwasia, waliokubaliana na chama. Nyerere mwenyewe, Mkatoliki, alibebwa Dar es Salaam na Waislamu, miongoni mwao Bibi Titi Mohamed na Sheikh Hassan bin Ameir. Haikuwa njia laini: Sheikh Suleiman Takadir, mzee aliyeuliza kama Waislamu hawatapunjwa chini ya uongozi wa Wakristo, alifukuzwa chamani mwaka huo huo wa 1958. Mhadhara huu hauwezi kumhesabu Takadir kuwa adui wa umoja. Aliuliza swali la haki juu ya mgawanyo wa elimu na vyeo, na swali la namna hiyo hujibiwa kwa hesabu na ahadi za hadharani. Likijibiwa kwa kufukuzwa, hubaki chini ya majivu.

Kwa hiyo dhamiri inayo haki ya kukataa pale swali la haki linapopata jibu baya. Wafuasi wa nabii Mkongo Simon Kimbangu, aliyefungwa tangu 1921 hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951, walihamishwa mbali na kwao na dola iliyojiita ya Kikristo, na kanisa lao lilitambuliwa tarehe 24 Desemba 1959 tu. Mkimbangu ambaye angekataa kumpa kura mtu aliyekusudia kuyarudisha hayo angekuwa amesikia dhamiri yake sawasawa, hata kama mtu huyo angekuwa wa kanisa lake mwenyewe. Kinachokataliwa hapo ni kusudi la mgombea, na kusudi laweza kuulizwa, kuchunguzwa na kushuhudiwa.

Hapo ndipo kazi ya viongozi wa dini ilipo. Maaskofu wa CENCO, yaani baraza la maaskofu Wakatoliki wa Kongo, wakiongozwa wakati huo na Askofu Mkuu Marcel Utembi wa Kisangani, waliwaweka waangalizi karibu 40,000 katika uchaguzi wa 2018, na tarehe 10 Januari 2019 walisema kwamba matokeo yaliyotangazwa hayakulingana na takwimu walizokusanya. Mtu aweza kubishana juu ya kauli hiyo, lakini kuilinda hesabu ya kura za watu wa dini zote ni huduma ya dhamiri kuliko kumtaja mgombea mimbarini.

Banalia inayo maswali yake ya kumpa mgombea. Septemba 2021, homa ya uti wa mgongo ilipotangazwa rasmi huko, walikuwa wamekwisha kuhesabiwa wagonjwa 261 walioshukiwa na vifo 129, na uthibitisho wa maabara ulikuwa umetoka Paris. Uchaguzi ujao, kwa mujibu wa katiba, ni wa 2028. Kabla ya hapo, maimamu, mapadre, wachungaji na Wakimbangu wa Banalia wangeweza kuwaita wagombea wote pamoja, siku moja, penye kivuko cha Aruwimi ambapo magari ya Buta husubiri, na kuwauliza kwa Kingwana, mbele ya watu wanaosubiri kuvuka: dawa za hospitali zitapita njia gani, nani atalipia mafuta ya kivuko, na mgonjwa wa Panga, ndani ya teritwari hiyo hiyo, atafikaje Kisangani usiku.